Nchi Isiyosikia Joto

Katika nchi ya Mng'aro watu hawaulizani habari za asubuhi. Mtu akikutana na mwenzake humuuliza, "Baridi?" na mwenzake hujibu, "Inakata." Husemezana hivyo saa saba ya mchana, jua likiwa utosini na jasho likiwachuruzika mpaka visiginoni. Kabula alisalimiwa hivyo langoni na askari mmoja mnene aliyekuwa akiyumba kwa joto. Kwa kuwa hakuijua desturi, alimjibu kwamba yeye hasikii baridi yoyote, na kwamba askari mwenyewe akae kivulini kabla hajaanguka.

Kosa hilo lilisamehewa. Askari alimweleza kwa upole kwamba katika Mng'aro hakuna joto, halijawahi kuwapo, na raia anayesimama mbele ya Baraza akasema analisikia hufutwa uraia siku hiyo hiyo na kutolewa nje ya lango. Mgeni huonywa mara moja.

"Na hao mnaowatoa huwa wanakwenda wapi?" Kabula aliuliza.

"Sijui, mama. Tangu nianze kazi hajatolewa mtu."

Kosa la pili lilikuwa gauni lake. Lilikuwa la pamba, amelishona mwenyewe, limefuliwa mpaka likalainika kama shavu. Mkaguzi wa mavazi aliitwa, akalishika upindo kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya aliyekufa.

"Linajikunja," alisema. "Limepauka. Na hapa mgongoni limelowa. Bi mgeni, gauni lako linakunywa."

"Linakunywa jasho. Ndiyo kazi ya gauni."

"Hicho kitu hatuna hapa," alisema mkaguzi, huku tone likimning'inia puani. Akazuia mizigo ya Kabula yote, gauni likiwamo, akamkabidhi joho la taifa.

Joho la taifa ni vazi moja kuanzia shingoni hadi vifundoni. Uzi wake hupikwa kwa masalia ya mafuta, yale yale yanayotengenezewa ndoo na vifuniko vya chupa, kisha hufumwa kwa mashine mpaka kitambaa king'ae kama mgongo wa mende. Halijikunji, halipauki, haliozi. La mgeni lina zipu. La mwananchi halina zipu wala kifungo: akishavikwa, mshono huunganishwa kwa pasi ya moto, uzi ukayeyuka ukashikana, na haufunguliwi mpaka mwaka uishe lije joho jingine. Kuoga hufanywa kwa mpira wa maji unaoingizwa shingoni, maji yakatokea miguuni. Kwa haja nyingine kuna vidirisha, na Kabula hakuuliza zaidi.

Hakwenda Mng'aro kutembea. Alikuwa mama wa watoto wanne, mwalimu wa ushonaji na upishi katika chuo cha ufundi kule Maswa, mtu asiye na nafasi ya safari za kushangaa vitu. Alikwenda kwa sababu ya mdogo wake, Minza, aliyeolewa na mwanaume wa huko aitwaye Dengelu. Minza alikuwa amempigia simu akisema kwamba binti yake mchanga, Holo, halali. Hakuomba msaada; Minza haombi. Alisema tu mtoto halali, akanyamaza, kisha akaongeza kwamba kuna baridi sana. Walikuwa wamekua pamoja katika mashamba ya pamba, na Kabula alijua mdogo wake akinyamaza hivyo maana yake nini. Akafunga mizigo.

Alipokuwa akielekea kwao aliutazama mji. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa gundi. Kila mtu alikuwa na kitaulo begani, na kitaulo nacho kilikuwa cha uzi ule ule, hakinyonyi kitu. Mwenye nacho alilisukuma jasho kutoka kwenye paji la uso hadi shavuni, kutoka shavuni hadi shingoni, kisha akakirudisha begani, ameridhika. Watu walijikuna. Walijikuna kwa adabu, kwa kusugua migongo yao kwenye nguzo zilizosimamishwa na serikali kila kona, na wenye vyeo walikuwa na nguzo zao zilizozungushiwa kamba. Nyumba hazikuwa na majiko, kwa sababu cheche ikirukia joho, joho huyeyuka na kumgandia mwenyewe. Chakula chote cha mji kilipikwa nyuma ya ukuta mmoja mrefu, na wapishi walifanya kazi hiyo uchi. Ilisemekana wana ngozi nzuri kuliko watu wote wa nchi ile, lakini kwa kuwa ni marufuku kuwatazama, habari hiyo ilibaki kuwa uvumi.

Karibu na makaburi aliwakuta watu wamesimama wima wakipiga saluti. Mvua ilikuwa imefukua kaburi moja, na joho la marehemu lilikuwa limeibuka juu ya tope, la kijani, linang'aa, halina hata doa.

"Huyu ni babu yetu," mwanamke mmoja alimwambia Kabula kwa fahari. "Alizikwa kabla sijazaliwa. Mtazame alivyo."

"Simwoni," alisema Kabula. "Naona nguo."

"Ndiye huyo."

Minza alimpokea mlangoni. Alikuwa amekonda, na alimkumbatia dada yake kwa mbali, kama mtu mwenye kidonda asichotaka kiguswe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Kaa kwanza, unywe maji."

Maji yaliletwa kwenye glasi. Ndani yake vilielea vinyuzi vyembamba, vyekundu na vya buluu, kama nywele za mwanasesere. Joho hupukutika kila linapopitishiwa maji, na mji wote huoga na kunywa kutoka mto mmoja. Dengelu, mume wa Minza, alikuwapo. Alikuwa mhandisi wa mitambo, mtu mpole mwenye sauti ya chini, na aliona jinsi Kabula alivyoitazama ile glasi.

"Kunywa, shemeji. Maji yetu yana mwili. Ya kwenu nakumbuka nilipokuja kuchumbia, yalikuwa matupu mno."

"Tumeyazoea hivyo hivyo matupu," alisema Kabula, akaiweka glasi chini na kwenda kumtafuta mtoto mwenyewe.

Holo alikuwa amelazwa chumba cha ndani, amevikwa majoho matatu ya kitoto, moja juu ya jingine. Alikuwa hajafikia siku yake ya kushonwa, hivyo yalifungwa kwa vishikizo. Hakuwa analia. Alikuwa akihema mdomo wazi, kama kuku aliyefukuzwa. Kabula alifungua la kwanza, la pili, la tatu. Shingoni, kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja ngozi ilikuwa imechubuka ikabaki mbichi, na kila alipogusa palikuwa na maji.

"Mtoto anachemka," alisema.

"Taratibu, shemeji," Dengelu alisema haraka, akitazama dirisha, ingawa lilikuwa na gundi.

"Nimesema anachemka. Sijalitaja hilo neno lenu."

"Ana baridi, dada," alisema Minza. "Daktari ndivyo alivyosema. Ndiyo maana analowa."

Daktari akaitwa. Jina lake Solani, mwenye shahada nyingi na joho lenye kola mbili. Alipitisha kidole shingoni mwa Holo, akakiinua kikiwa kimelowa ili wote wakione.

"Bi mgeni, umewahi kutoa chupa ya maji kwenye friji?"

"Nimewahi."

"Huwaje kwa nje?"

"Hulowa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni ya baridi."

"Basi umejijibu mwenyewe."

Hiyo ndiyo elimu yote ya tiba ya Mng'aro, na imejengewa vyuo. Kitu kikilowa nje, kina baridi ndani. Mtu akilowa, avikwe. Akizidi kulowa, azidi kuvikwa. Akiacha kulowa kabisa, ngozi ikakauka na macho yakapinduka, baridi imeshinda, na hapo huitwa wachimba kaburi. Hakuna daktari aliyewahi kulaumiwa, kwa sababu kila aliyekufa alikutwa amevaa vizuri.

"Hicho kidole kirambe," alisema Kabula. "Kama ni maji ya chupa, hakitakuwa na chumvi."

Daktari Solani alisema kulamba hakumo katika mtaala. Akaagiza joho la nne, akajikuna mgongo kwa nguvu kwenye fremu ya mlango, akaenda zake.

Dengelu naye akarudi kazini. Hapo hapo Kabula alimvua Holo kila kitu, akamlaza sakafuni, akampepea kwa sinia. Mtoto alijinyoosha, akapiga miayo, akalala. Minza alisimama mlangoni kulinda, akitazama mara ndani mara nje.

Minza alikuwa na mtoto mwingine kabla ya Holo, wa kiume, Ngasa, na nyumbani Maswa walikuwa wameletewa tu habari za msiba.

"Ngasa alikufaje?" Kabula aliuliza bila kugeuka.

"Si niliwaambia? Kifua."

"Kifua ulimwambia mama. Mimi nakuuliza wewe."

Minza alitazama sinia likienda na kurudi.

"Majoho matano," alisema mwishowe. "La tano nilimvika mimi mwenyewe. Alikuwa ameacha kulowa. Nikadhani amepona."

Kabula aliendelea kupepea. Hakuwa mtu wa kusema pole mahali ambapo pole haitoshi.

"Na huyu?"

"Atashonwa wiki hii. Akishashonwa, hakuna kumvua mpaka mwaka uishe. Mzazi anayefungua mshono ananyang'anywa mtoto."

"Basi tunaondoka naye leo."

"Lango halimtoi raia bila kibali, dada, na mtoto hapewi. Mpaka aliseme lile neno mbele ya Baraza. Mtoto anasemewa na mzazi."

"Si uliseme."

"Halafu Dengelu?" Minza aliuliza. "Na mimi niwe nimesema kwamba mwanangu alikufa kwa nini?"

Dengelu aliporudi aliambiwa yote, isipokuwa habari za sinia. Alisikiliza kwa makini, maana alikuwa mtu wa kusikiliza, kisha akasema hakuna haja ya mambo makubwa. Upo utaratibu. Baraza la Mikunjo hupokea maombi ya wananchi. Waombe mshono wa Holo uahirishwe mpaka ngozi ipone.

"Nchi yetu ina sheria kali, shemeji, sikatai. Lakini ina masikio."

"Haya," alisema Kabula. "Twende tukayaone hayo masikio."

Baraza la Mikunjo hukaa katika ukumbi wa vioo usio na tundu hata la kupitisha sindano. Juu ya mlango pameandikwa: MTU HUOZA, VAZI HUBAKI. Kazi ya Baraza ni kulilinda taifa dhidi ya mkunjo, kwa imani kwamba nguo ikianza kujikunja, akili nayo hufuata. Kesho yake asubuhi, Kabula, Minza aliyempakata mtoto aliyevikwa tena, joho la nne likiwa juu, na Dengelu walipoingia, wajumbe walikuwa wakijadili vinyuzi vya mtoni. Mmoja aliripoti kwamba samaki sasa wanapasuliwa wakiwa na manyoya tumboni. Wa pili aliwapongeza samaki kwa kuupokea utamaduni. Wa tatu, aliyesifika kwa msimamo mkali, alisema kuwapo kwa vinyuzi si aibu, aibu ni kuonekana, akapendekeza maji ya mji mzima yatiwe rangi ili visitambulike. Hoja ilipita bila kupingwa. Mjumbe mmoja alikuwa amezimia kwenye kiti, kichwa kikiwa magotini. Alihesabiwa kuwa ameinama kwa kukubali.

Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Mikunjo, Mheshimiwa Kwandu, mzee nadhifu mwenye sauti ya upole. Kabula aligundua jambo moja juu yake mapema. Katika ukumbi ule ambao sakafu iliteleza kwa maji ya wajumbe, Mheshimiwa Kwandu alikuwa mkavu. Alikaa kama mtu aliyeketi barazani na upepo unampitia.

Dengelu alisoma ombi lake vizuri, kwa heshima zote. Daktari Solani akasimama kulipinga, akieleza habari za chupa na friji kwa urefu. Kisha wajumbe wakachangia.

"Mtoto akiachwa bila mshono," alisema mmoja, "atajuaje anapoishia yeye na unapoanzia ulimwengu?"

"Leo ni mtoto," alisema yule wa msimamo mkali. "Kesho watataka kufungua dirisha."

Ukumbi uliguna. Neno dirisha halitajwi hovyo pale.

"Nami ningependa kujua," alisema mwingine, "kama hizo nguo za kwao zinaoza, watu wa huko wanakumbukana kwa kitu gani?"

"Kwa sura," alisema Kabula. Akaomba ruhusa ya kuendelea, na kabla haijatolewa akaendelea. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi ni mshonaji. Nina swali moja tu la ushonaji. Hicho kinachochungulia kwenye kola yako ni nini?"

Mheshimiwa Kwandu alipeleka mkono shingoni, lakini alichelewa. Ulikuwa ni upindo wa fulana, mweupe uliopauka, umejikunja kidogo pembeni.

"Pamba," alisema Kabula. "Tena pamba nzuri. Na joho lako naona lina zipu ndani ya mshono."

Kabula alidhani mambo yamekwisha. Kule alikotoka, mtu akinaswa namna ile angalau angekohoa. Mheshimiwa Kwandu hakukohoa. Aliishusha ile zipu taratibu, akaiacha fulana ionekane yote, na uso wake ukajaa huzuni.

"Ni kweli," alisema. "Kila siku, chini ya joho, nauvaa uchafu huu. Ndugu wajumbe, lazima awepo katika nchi mtu mmoja anayeteseka kwa pamba, ili wengine wakiambiwa kwamba ni mbaya, waambiwe na mwenye uzoefu. Mzigo huu niliupokea kwa baba yangu. Mwanangu naye ameanza kujizoeza."

Wajumbe walisimama kumpigia makofi. Wengi walifuta machozi, au walichodhani ni machozi. Yule aliyezimia aliinuliwa kwa makwapa ili asionekane amekaa.

Makofi yalipotulia, Mwenyekiti alitoa uamuzi. Ombi limekataliwa. Na kwa kuwa mtoto analowa kupita kiasi, huruma ya Baraza inaelekeza asingojeshwe mpaka siku yake. Ashonwe sasa hivi. Mlango wa pembeni ukafunguliwa, akaingia mshonaji wa serikali na joho dogo la kijani kwenye mkono mmoja, na pasi ya moto kwenye mkono wa pili.

Kabula aliinama kumtazama Holo mikononi mwa mama yake, ndani ya yale majoho manne. Akamgusa shavu.

"Minza," alisema kwa sauti ya chini. "Ameacha kulowa."

Minza alikaa chini, pale pale katikati ya ukumbi, akaanza kufungua vishikizo. Joho la kwanza likatoka. Daktari Solani alionya kwamba hiyo ni hatari. Likatoka la pili. Yule wa msimamo mkali aliwaamuru walinzi, lakini walinzi huvaa majoho mawili mawili kwa ajili ya heshima, na mmoja aliteleza kwenye maji ya wajumbe akamwangusha mwenzake. La tatu na la nne yalikuwa yamenatana, yakatoka pamoja. Holo akabaki uchi juu ya vigae, mdogo, na miguu yake haikuchezacheza.

Kabula alinyakua mtungi wa maji mezani kwa Mwenyekiti. Maji hayo hayakuwa na kinyuzi hata kimoja. Akammwagia mtoto kichwani na kifuani, kisha akampuliza. Minza naye akapuliza. Dada wawili walipiga magoti wakimpuliza mtoto kama watu wanaotafuta moto kwenye majivu, na ukumbi mzima ukawatazama bila kujua ni sheria gani inavunjwa, maana hakuna aliyewahi kufikiria kutunga sheria dhidi ya kupuliza.

Holo akakohoa. Kisha akalia.

"Mnamsikia?" alisema Daktari Solani. "Baridi hiyo."

Minza akasimama na mtoto wake.

"Mimi nasikia joto," alisema.

Hakupaza sauti, lakini wajumbe kadhaa waliziba masikio.

"Nasikia joto. Mtoto wangu anasikia joto. Ngasa alisikia joto mpaka likamuua, na nilikuwa naye kitandani, namfunika."

Mheshimiwa Kwandu, ambaye alikwisha kuifunga zipu yake, alimuuliza kama anaelewa maana ya alichosema. Minza alisema anaelewa. Mheshimiwa akamgeukia mzazi wa pili.

Dengelu alikuwa amesimama karibu na nguzo, amelishika ombi lake lililokataliwa, limelowa.

"Sema, Baba Ngasa," Minza alimwambia. "Ni neno moja tu. Tutoke wote."

Dengelu alifungua mdomo. Jasho lilimwingia, akalimeza.

"Siwezi."

"Unalisikia. Nalala na wewe, najua unalisikia."

"Nikilisema," alisema Dengelu, "nitakuwa nimemuua Ngasa."

"Tulimuua. Mimi na wewe. Sasa tumtoe huyu."

Dengelu alimtazama mtoto wake. Alifungua mdomo tena, na Kabula, ambaye hakuwa akimpenda sana shemeji yake mpaka saa ile, alijikuta akimwombea. Lakini Dengelu alichukua kitaulo begani, akausukuma uso wake taratibu kuanzia juu hadi chini, na alipokiondoa kitaulo hakuwa tena na sura ya mtu anayetaka kusema kitu. Aliliambia Baraza kwamba mke wake amechanganyikiwa kwa msiba, apewe huruma. Na kwamba yeye, wakitaka kujua, ana baridi ya kutosha.

Wajumbe walimpongeza. Mmoja alimpa nguzo yake ajikune.

Minza na Holo walifutwa uraia kabla ya chakula cha mchana, na Kabula akafukuzwa pamoja nao kwa kosa la swali la ushonaji. Askari mnene wa langoni aliwatazama wakipita kana kwamba wanatumbukia shimoni. Mizigo ya Kabula ilirudishwa, ikashikwa kwa koleo.

Waliteremka mpaka kwenye jabali lenye kivuli. Kabula alitoa mkasi kwenye mizigo, akamwambia mdogo wake ageuke. Mshono ulikuwa mgumu kama kamba ya kufungia mbao. Kitambaa kilipofunguka, hakikuachia. Palikuwa na mahali kilipokuwa kimeshikana na ngozi, na Kabula alikitoa kidogo kidogo, akilowesha kwa maji, huku Minza ameuma ukingo wa kanga aliyopewa na dada yake.

Kabula alitazama mgongo ambao hakuuona tangu walipokuwa wakioga pamoja kisimani.

"Ni mbaya?" Minza aliuliza.

"Mbaya."

"Utapona?"

"Utapona. Utakuwasha sana kwanza."

Joho lilibaki mikononi mwa Kabula, linang'aa, halina mkunjo. Minza alilichukua, akanyoosha mkono alitupe korongoni.

"Usitupe huko. Bonde lile watu wanachota maji."

"Basi tulichome."

"Na moshi wake auvute nani? Mwanao?"

"Sasa tulipeleke wapi, dada?"

Kabula alilikunja joho mara nne, likafumuka. Akalikunja tena, likafumuka tena. Mwishowe akalikalia.

Holo aliamka akilia njaa. Kule alikotoka alikuwa akinyonyeshwa kupitia kidirisha cha mpira kilichobandikwa kifuani mwa joho la mama yake, na sasa Minza alimshika akawa hajui amwekeje. Alimgeuza huku, akamgeuza kule. Kisha akamlaza juu yake, tumbo kwa tumbo, ngozi kwa ngozi, na mtoto akatafuta mwenyewe, akapata, akanyonya kwa sauti. Jua lilikuwa kali hata pale kivulini. Jasho la Minza lilishuka shingoni, likadondokea kwenye nywele za mtoto, na yeye akalifuta upesi kwa kiganja, akimtazama dada yake kama mtu anayeomba radhi.

"Nalowa," alisema.

"Lowa," alisema Kabula.